Mafunzo ya wachukuzi wa vifurushi ni wajibu, si hisani

Kifurushi kinapotoka Kariakoo kwenda Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, huandikwa. Huandikwa jina la anayekituma na jina la anayekipokea, pamoja na namba za simu zao wote wawili. Kikichelewa, simu hupigwa. Kikipotea, hutafutwa mpaka kionekane au kilipwe. Lakini kijana anayekifunga nyuma ya pikipiki na kuingia nacho katika msongamano wa Barabara ya Morogoro mara nyingi haandikwi popote. Akianguka njiani, swali la kwanza la wenye mzigo huwa ni kama mzigo umesalimika.

Swali hilo halitokani na ubaya wa moyo wa mtu fulani. Ni desturi iliyoingia polepole, nayo desturi ikishazoeleka huonekana kana kwamba ndivyo dunia ilivyoumbwa. Jamii inayojitambua haina budi kuichunguza desturi ya namna hiyo, hasa pale gharama yake inapolipwa kwa miguu iliyokatwa, vichwa vilivyopasuka na watoto walioachwa yatima.

KAZI HALALI NA YA LAZIMA

Kuchukua vifurushi kwa pikipiki si kazi ya kubezwa. Zamani kila ofisi ya serikali ilikuwa na tarishi wake. Tarishi alikuwa mwajiriwa. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya mishahara, na barua alizopeleka zilitiwa saini katika kitabu. Akiumia kazini, palikuwa na mkuu wa ofisi aliyejulikana na aliyeweza kuulizwa. Vifurushi vya wananchi navyo vilipita mikononi mwa posta, chini ya watumishi wenye mafunzo na masharti ya kazi yanayoeleweka.

Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwa waendesha bodaboda. Duka la dawa humwita bodaboda, na fundi cherehani na muuza vipuri humwita yeye pia. Mchele unaoshushwa kutoka mikoani katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kituo kilichoanza kazi mwaka 2021, huishia mlangoni mwa mwenyewe kwa pikipiki. Hata bahasha ya serikali yenye mhuri, ambayo kwa haki ilikuwa ya tarishi, siku hizi huonekana ikisafiri ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa kwa mpira nyuma ya kiti cha bodaboda.

Kwa hiyo hapa linazungumzwa tabaka zima la wafanyakazi, wala si vijana wachache wa kijiweni waliokosa la kufanya. Mji kama Dar es Salaam usingeweza kuishi siku tatu bila wao. Alama ya Chama Cha Mapinduzi ni jembe na nyundo, yaani mkulima na mfanyakazi. Asiwepo anayedhani kwamba kijana huyu, kwa kuwa hashiki jembe wala nyundo, yuko nje ya maana ya alama hiyo.

LAWAMA ISIYOFIKA MWISHO

Watumishi wa umma na walimu, ambao kila asubuhi huwaona vijana hawa wakiwapita kulia na kushoto, wana lawama nyingi juu yao. Husema kwamba hawaheshimu taa, hupanda njia za waenda kwa miguu, na huingia katika njia zilizotengwa kwa mabasi yaendayo haraka. Lawama hiyo ina ukweli wake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina kifungu kimoja cha tajiri na kingine cha maskini. Anayepita taa nyekundu ametenda kosa, awe anaendesha gari la mkurugenzi au pikipiki ya mkataba.

Hata hivyo, hakimu anayeishia hapo hajamaliza kusikiliza shauri. Linabaki swali la msingi: kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye wazazi wanaomtegemea na watoto wanaomngoja, aendeshe kama aliyechoka kuishi?

Jibu limo katika hesabu. Wengi wa vijana hao hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila jioni wanatakiwa kumpelekea mwenye chombo kiasi kilichopangwa, na kwa walio katika mkataba kiasi hicho hupelekwa mpaka pikipiki iwe yao. Petroli ni juu yao. Kijana huianza siku akiwa tayari na deni, na hufanya kazi saa nyingi kabla shilingi ya kwanza haijawa yake. Tena halipwi kwa saa, hulipwa kwa safari. Dakika anayosimama kwenye taa hailipwi. Dakika anayotafuta nyumba ya mteja uchochoroni hailipwi. Dakika anayompisha mama mwenye mtoto kwenye kivuko hailipwi. Chini ya mpango huo kila tendo la uangalifu ni makato, na kila tendo la haraka ni nyongeza.

Haraka hiyo ina wabia wengi. Mfanyabiashara huipenda kwa sababu inampa sifa kwa wateja wake, na mpokeaji huipenda kwa sababu hapendi kungoja. Mwenye pikipiki huipenda kwa sababu hesabu yake inafika. Faida hugawanywa kwa wote hao, lakini hasara inapotokea humwangukia mmoja. Mpango ambao faida yake ni ya wengi na hatari yake ni ya mnyonge peke yake una jina linalojulikana vema katika siasa ya nchi hii. Jina hilo ni unyonyaji.

Wala wasomi wasijitoe katika orodha ya wabia. Mwalimu anayewafundisha watoto asubuhi kwamba haraka haraka haina baraka ndiye huyohuyo anayepiga simu adhuhuri mara tatu kuuliza, “Mbona hufiki?” Kijana hubana simu kati ya sikio na kofia, huachia mkono mmoja wa usukani, na kujibu akiwa katikati ya kipilefti. Anayepiga haoni barabara, wala hafikirii kwamba sauti yake ni mojawapo ya sababu za ajali.

FUNZO KUTOKA UGENINI

Kwamba haraka hupangwa na wanaofaidika nayo limekwisha kuthibitishwa mbele ya mahakama huko Marekani, katika ngome yenyewe ya ubepari. Kampuni ya Domino's Pizza ilijipatia umaarufu kwa ahadi ya kumfikishia mteja chakula ndani ya dakika 30, la sivyo mteja hupata nafuu ya bei au hapati kulipa kabisa. Wateja walifurahi na biashara ikakua. Mwaka 1989 mjini St. Louis mwanamke mmoja aligongwa na dereva wa kampuni hiyo ambaye ilidaiwa alipita taa nyekundu. Shauri lilipoamuliwa mwaka 1993, jopo la raia waliokaa kulisikiliza lilitoza fidia na adhabu ya zaidi ya dola milioni 78. Baadaye pande mbili zilisuluhishana kwa kiasi kilicho pungufu sana, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Desemba ya mwaka huohuo kampuni iliifuta ahadi yake ya dakika 30 huko Marekani. Katika Korea Kusini ahadi kama hiyo iliendelea mpaka mwaka 2011, ilipofutwa baada ya vifo vya vijana wa pikipiki kuamsha hasira ya umma.

Funzo lililomo ni wazi. Kwa miaka kadhaa kampuni ilisema kwamba dereva ndiye mwenye kosa, kwani hakuna aliyemwambia avunje sheria. Wananchi waliokaa katika lile jopo hawakukubali. Anayepanga muda amepanga na mwendo, na anayepanga mwendo hawezi kunawa mikono damu inapomwagika.

KUJUA KUONDOKA SI KUJUA KUSIMAMA

Upande wa mafunzo hali ni hiyohiyo. Vijana wengi hujifunza pikipiki jioni moja au mbili katika uwanja wa mpira, mwalimu wao akiwa rafiki ambaye naye alifundishwa hivyohivyo. Hufundishwa klachi, gia na mafuta. Kwa maneno mengine, hufundishwa kukiondoa chombo mahali kiliposimama. Sehemu ya pili ya elimu, ambayo ni kujua chombo kitasimama wapi, hufundishwa na barabara yenyewe, na ada ya shule hiyo ni kubwa mno.

Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na hata kwa mwendo huo ni karibu mita 14. Sekunde ya kwanza baada ya kuona hatari hutumiwa na akili na mkono kuitikia, nayo breki bado haijaanza kazi. Tena mwendo ukiongezwa maradufu, umbali unaohitajika kwa breki kusimamisha chombo huongezeka mara nne, wala si mara mbili. Huo ni mlango mmoja wa somo la fizikia unaofundishwa katika shule za sekondari, lakini anayeuhitaji kuliko wote hajapata kuusikia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, ajali zenye kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4.

Yapo pia mambo yanayomhusu mchukuzi wa mzigo hasa. Breki inapobanwa, uzito wa chombo na mpandaji huegemea mbele, na kwa sababu hiyo breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Vijana wengi wameambiwa waiogope kwa kuwa “inarusha,” nao hutegemea ya nyuma peke yake mpaka siku itakapowasaliti. Mzigo uliofungwa juu sana na nyuma sana huinyanyua gurudumu ya mbele, ukaufanya usukani kuwa mwepesi na kona kuwa ngumu. Mtungi wa gesi uliolegea husogea chombo kinapoinama. Boksi pana lililozidi usukani huziba vioo na kugusa magari. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huelea juu ya mafuta na mchanga uliolala juu ya lami, na barabara huteleza kuliko itakavyoteleza mvua ikishanyesha kwa saa nzima. Lori linalokata kona kushoto halimwoni aliye ubavuni mwake upande huo, na hakuna honi ya pikipiki itakayolizuia.

Hakuna lolote katika hayo lililo gumu kufundishika. Mmarekani Harold Smith, aliyeanzisha mafunzo ya madereva wa magari ya kazi mwaka 1952, aliyakusanya katika mazoea matano ambayo makampuni makubwa ya kusafirisha vifurushi yamefundishia madereva wao kwa miongo mingi. Tazama mbali mbele, si kwenye gurudumu lako. Ona mandhari yote, si gari lililo mbele yako tu. Macho yasitulie mahali pamoja. Jiachie daima nafasi ya kutokea. Hakikisha wengine wanakuona. Mambo matano hayo yanaweza kuelezwa chini ya mwembe katika muda usiozidi saa moja, na kuzoezwa kwa wiki chache.

Kofia ngumu nayo ina somo lake. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye kiwiko, au iliyovaliwa bila kufungwa mkanda wa kidevuni, humhadaa askari tu. Lami haihadaiki.

MTU MMOJA KATIKATI YA OFISI NYINGI

Itaulizwa kama nchi haina sheria. Sheria zipo, tena za kutosha. Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, inayosimamiwa na polisi. Zipo kanuni za mwaka 2010 zilizotambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya biashara, ambazo fikra yake kubwa ilikuwa abiria. Ipo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Ipo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo chini yake makampuni ya kusafirisha vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015.

Tatizo ni kwamba kila ofisi humtazama mtu huyu kwa jicho lake na kuona kipande chake. Mmoja huona leseni, mwingine huona chombo, wa tatu huona kifurushi. Msimamizi wa usalama kazini huzoea kutafuta mahali pa kazi penye kuta na lango, ilhali mahali pa kazi pa mchukuzi ni barabara. Mfuko wa fidia humtafuta mwajiri anayemchangia mfanyakazi wake, naye mchukuzi huambiwa kwamba hana mwajiri, ana “wateja” tu. Bima ndogo ambayo kila chombo hulazimika kuwa nayo humlipa mtu wa tatu aliyeumizwa, haimlipi dereva mwenyewe. Hivyo mtu huyo hupita katikati ya sheria zote kama maji yapitavyo katika chujio.

Hali hiyo si ngeni katika historia ya nchi hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikwenda kwa mabega ya wapagazi. Mwenye msafara alijua idadi ya majora ya vitambaa, mafungu ya shanga na koili za waya. Mpagazi aliyeugua njiani aliweza kuachwa, lakini mzigo wake haukuachwa. Ulipewa mwingine. Wananchi hawakupigania uhuru uliopatikana mwaka 1961 ili mpagazi abadilishiwe njia ya msituni kwa barabara ya lami na hali yake ibaki vilevile. Miongoni mwa imani za TANU zilizowekwa mbele katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 imo haki ya kila mtu kupata kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Mchukuzi wa vifurushi hakutolewa katika haki hiyo.

HOJA ZA WANAOSITA

Wapo wanaosema kwamba mafunzo ni ghali, na kwamba kijana anayedaiwa hesabu ya jioni hawezi kukaa darasani wiki nzima. Hoja ya pili ni ya kweli, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini madarasa mengi yaliyofunguliwa kwa nia njema hubaki na viti vitupu. Lakini jawabu lake ni kulipeleka darasa kwa mwanafunzi, wala si kulifuta.

Taifa hili lilikwisha kufanya hivyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, takriban watu wazima milioni mbili walijifunza afya katika vikundi vya vijijini, wakisikiliza redio, wakijadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakuitwa mjini. Elimu ilikwenda walipokuwa, saa waliyokuwa na nafasi, kwa lugha waliyoielewa, na viongozi wa vikundi wengi wao walikuwa ni wananchi wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Kijiwe cha bodaboda ni kikundi kilichokwisha kuundwa. Kina mwenyekiti, katibu na mfuko wa kusaidiana. Mkufunzi kutoka VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, au kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, akifundisha viongozi wa vijiwe, na viongozi hao wakifundisha wenzao saa ambazo kazi imepungua, gharama haitakuwa kisingizio.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo haipasi kukwepwa. Mafunzo peke yake hayatoshi. Kijana aliyefundishwa vizuri, akirudi katika mpango uleule wa malipo kwa safari, hesabu ya jioni na simu za “mbona hufiki,” ataijua hatari na bado ataifuata. Kumfundisha bila kumpunguzia haraka ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kisha kumfunga jiwe shingoni. Kwa hiyo mafunzo na mwendo wa kazi ni jambo moja. Anayepanga mwendo ndiye anayepaswa kugharimia mafunzo, kofia na bima, nao huo ni wajibu wake, wala si hisani anayomfanyia kijana kwa wema wa moyo wake.

YANAYOWEZEKANA KUFANYWA

Mwanzo mzuri ni serikali yenyewe, kwa sababu haiwezi kuwahimiza wengine ikiwa ofisi zake zina desturi ileile. Wizara, halmashauri, shirika la umma au shule inayotuma nyaraka kwa pikipiki ingeweka sharti katika mkataba wake wa huduma: mchukuzi awe na leseni ya daraja linalostahili, awe na cheti cha mafunzo, awe na kofia na koti linaloakisi mwanga, na awe amekatiwa bima ya ajali. Hakuna haja ya kungoja sheria mpya kwa jambo hilo. Inatosha afisa mmoja kukataa kutia saini mkataba usio na masharti hayo.

Kisha, makampuni yenye leseni ya kusafirisha vifurushi, pamoja na yale yanayowaunganisha wateja na madereva kwa simu, yangetakiwa kuonyesha majina ya wachukuzi wao kama yanavyoonyesha idadi ya vifurushi, na kila jina liwe na kumbukumbu ya mafunzo na mchango wa fidia. Nchi nyingine zimekwisha kuona kwamba neno “mteja” au “mbia” hutumiwa kumficha mwajiri. Hispania mwaka 2021 ilipitisha sheria inayomhesabu mchukuzi wa namna hiyo kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wenye fikra hiyohiyo kwa nchi wanachama. Tanzania yenye itikadi ya usawa haina sababu ya kuwa nyuma ya Ulaya katika kumlinda mfanyakazi.

Ahadi za muda nazo zingetazamwa upya. Mfanyabiashara anayetangaza kwamba mzigo utafika “ndani ya saa moja popote mjini” aulizwe saa hiyo ameipima katika barabara ipi na katika mvua ipi. Na mteja angesaidia kwa jambo dogo. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika nchi nzima mwaka 2022 iliwapa wananchi namba za nyumba na majina ya mitaa. Anayetoa anwani kamili tangu mwanzo humwepusha mchukuzi na simu sita za kuuliza “niko kwenye mnazi, nikate wapi?” huku gurudumu likizunguka.

Nao wachukuzi wenyewe wana sehemu yao, wala kuwatetea hakumaanishi kuwadekeza. Kijana anayeendesha akiwa amelewa, anayekodi leseni ya mwenzake, au anayemwachia mdogo wake wa miaka 15 apige “trip” moja, haonewi na mtu. Anawaibia wenzake heshima ya kazi yao. Vijiwe vilivyo hai vina uwezo wa kuwarudi watu wa namna hiyo kuliko askari, kwa sababu kijiwe kinamjua kila mtu kwa jina na tabia. Umoja wa wafanyakazi huwa na nguvu unapodai haki mchana na kusimamia nidhamu usiku.

Ipo pia kazi inayowangoja walimu, nayo wanaiweza kuliko watu wengine wote. Wavulana walio darasani leo ndio watakaokuwa juu ya pikipiki kesho, wengine hata kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Mwalimu wa fizikia anayefundisha mwendo na msuguano kwa mfano wa pikipiki yenye mtungi wa gesi, na mwalimu wa hisabati anayewapa wanafunzi hesabu ya mita kwa sekunde, watakuwa wamefungua chuo cha udereva bila kuongeza hata kipindi kimoja katika ratiba.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umoja wa Mataifa umeazimia kuvipunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Maazimio ya dunia ni mema, lakini hutekelezwa mtaa kwa mtaa. Hutekelezwa na karani anayeandika jina la mchukuzi pamoja na jina la mpokeaji, na mkuu wa shule anayesema mitihani ya majaribio ingeweza kungoja mpaka mvua ipungue. Hutekelezwa na mwenye pikipiki anayepunguza hesabu siku ya mafuriko.

Kifurushi kikichelewa, huchelewa saa moja au mbili, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Kijana asipofika nyumbani, mama yake hukumbuka mpaka kufa kwake.